Naomba ushauri: gym wanataka kunilipa kwa kichwa

Wakuu habari zenu, nafundisha aerobiki hapa Dar, jioni gym na Jumamosi asubuhi nakuwa na jogging klabu pale Coco Beach. Sasa gym wamebadilika, zamani malipo yalikuwa kwa darasa, saivi wanataka wanilipe kwa kichwa, yaani mvua ikinyesha wakaja watu wawili hata hela ya bodaboda haitoshi wakati jasho ni lile lile. Halafu sauti inakauka, saa nzima napiga kelele juu ya singeli bila maiki. Walimu wenzangu mnakubaliana vipi na wenye gym, mnaandikishana au maneno tu? Na maiki ya kichwani isiyokufa kwa jasho Kariakoo napata duka gani? Kuacha sitaki kabisa, kuna wamama pale presha zinawasumbua na wameshanizoea.