MREJESHO: Siku yetu ya bustani ya wanyama Entebbe

Wapendwa, wiki iliyopita niliomba ushauri: nitawapelekaje watoto watatu na mama mkwe, mwenye magoti mabovu, kwenye bustani ya wanyama Entebbe bila kuwachosha. Jumamosi tumeenda. Asanteni sana!

Aliyesema tudamke, Mungu akubariki. Tulipanda teksi Kampala kungali giza, na asubuhi ile jua halikuwa kali na wanyama walikuwa wamechangamka. Mama alitembea kidogo kidogo, akikaa vivulini, upepo wa Ziwa Victoria ukimpuliza.

Kilichotuteka ni korongo-nyangumi, ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Alisimama tuli mpaka mwanangu mdogo akauliza, "Mama, ni sanamu?" Mara akainamisha kichwa na kugonganisha mdomo, ta-ta-ta-ta! Mtoto akanishika sketi, kisha naye akainama. Ndivyo ndege huyu anavyosalimia.

Sokwe wapo kwenye kisiwa chao, wamezungukwa na maji kwa kuwa hawajui kuogelea. Kwa vifaru nilisimama muda mrefu. Miaka ya 1980 Uganda ilibaki bila kifaru hata mmoja porini, na niliona lazima wanangu walijue hilo wakiwa wanamtazama.

Chakula tulibeba: chapati, mayai, ndizi. Kosa langu lilikuwa maji, chupa mbili hazikutosha kabisa. Mkienda na wazee, bebeni na leso ya kukalia.

Mama ameshauliza tunarudi lini.