Matairi ya Aqua hapa Malindi: ya kudumu au ya kuokoa mafuta?

BintiGede

Hamjambo wenzangu. Naomba msaada wa wanaojua matairi.

Gari ni Toyota Aqua, haibridi ya injini na mota ya umeme, rimu za inchi 15, matairi 175/65R15 84S. Ya mbele yamelika mabegani pande zote mbili, katikati meno bado yapo. Linakwenda Mombasa mara mbili kwa wiki, kila mwezi safari moja ya Mokowe, na siku zilizobaki ni Ganda na Kakuyuni, mawe na vumbi.

Madukani nimeonyeshwa njia tatu. Kuna mapya ya kuokoa mafuta, saizi ileile. Kuna mapya ya 185/65R15, naambiwa yatainua gari na ni magumu zaidi. Na kuna yaliyotumika kutoka Japani, meno yamejaa, bei karibu nusu. Halafu kila mtu ananiambia nijaze upepo hadi psi 40 ndipo gari linywe mafuta kidogo. Nataka yadumu, lakini sitaki kuipoteza faida ya haibridi. Nishike lipi?

Fundi_Maweni

Dadangu, kabla ya kwenda dukani tazama kwanza hayo mabega. Tairi lililolika kingo zote mbili likabaki katikati limeendeshwa na upepo pungufu muda mrefu. Upepo ukipungua tairi linalala, katikati panaingia ndani na uzito wote unabebwa na mabega. Ubavu nao unakunjika na kunyooka kila mzunguko, na huko kukunjika ndiko kunakokula mafuta, kwa sababu nguvu ya injini inaishia kuwa joto ndani ya mpira. Kwa hiyo kilichomaliza matairi yako ndicho hicho hicho kilichokuwa kikikuongezea mafuta. Weka mapya ya bei yoyote, usipotibu hilo yataisha vivyo hivyo.

Haibridi za kuvuta mbele zina tabia yake pia. Mota ya umeme inatoa nguvu yake tangu gurudumu limesimama, haingoji mzunguko upande kama injini. Na unapoachia mafuta au kugusa breki polepole, gari linajirudishia umeme kwa kuyazuia magurudumu ya mbele peke yake. Ya mbele yanavuta, yanazuia, yanakata kona na yanabeba injini, ya nyuma yanafuata tu. Ndiyo maana kuyabadilisha nafasi kila kilomita 8,000 ni lazima. Ya mbele yarudi nyuma upande uleule, ya nyuma yaje mbele kwa kupishana, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia. Yenye mshale ubavuni hayavuki upande, yanakwenda mbele na nyuma tu.

Kipimo sahihi kiko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Gari la Japani litakuandikia kPa, nawe gawanya kwa 6.9 upate psi: 220 ni karibu 32. Pima asubuhi gari halijatoka, au baada ya kulala saa 3 kivulini. Tairi likipata joto la nyuzi 5 au 6 zaidi, kipimo kinapanda kama psi 1. Aliyejaza 32 saa nane mchana baada ya kutoka Kilifi, asubuhi atakuta 28. Na usitoe upepo wa tairi lililopata moto eti limezidi.

Nunua kipimo chako mwenyewe, kile kidogo cha mkononi. Geji za pampu za barabarani huangushwa chini mchana kutwa na hazikubaliani.

Usukani_Minjila

Nitasema la yale yaliyotumika tu, maana hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Matairi mengi yanayotoka Japani yakiwa na meno yaliyojaa ni ya theluji. Kule watu wana seti mbili, moja ya kiangazi na moja ya baridi, na ile ya baridi hutumika miezi michache kwa mwaka halafu inawekwa stoo. Inazeeka kabla haijaisha. Tena ya theluji hutengenezwa na meno marefu kuliko ya kawaida, kwa hiyo hata lililotumika sana likikaa kando ya la kawaida linaonekana jipya.

Namna ya kulitambua: shika jino moja, ulitazame kwa karibu. Kama lina mikato myembamba mingi ya mawimbi, kama mkate uliokatwakatwa kwa wembe, hilo ni la theluji. Libonyeze kwa ukucha, litabonyea kwa urahisi. Ubavuni tafuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Mpira ule umechanganywa ubaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Malindi mchana wa Februari unajifuta kama kifutio cha mwanafunzi. Meno yanayumba, gari linakuwa zito kuviringika na mafuta yanapanda, na mvua ikinyesha breki zake ndefu. Bei nusu hiyo ni hasara mara mbili.

Hata kama si la theluji, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwanda ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kumbuka gari lenyewe linaruhusiwa kuingia Kenya likiwa na umri hadi miaka 8, na mara nyingi linakuja na matairi ya umri huo huo. Angalia pia chini kabisa ya mifereji, siyo juu ya meno. Ukiona nyufa ndogo kama za udongo mkavu, rudisha hata ukipewa bure. Mapya nayo yana umri. Yaliyoanikwa juani mbele ya duka mwaka mzima si mapya tena.

Hesabu_za_Gurudumu

Kuhusu 185/65R15, tupige hesabu. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni rimu kwa inchi (15 ni milimita 381).

175/65R15: ubavu ni 175 × 0.65 = milimita 113.75. Mara mbili, jumlisha rimu 381, kipenyo ni 608.5.
185/65R15: ubavu ni 120.25. Kipenyo ni 621.5.

Tofauti ni milimita 13, lakini gari linainuka nusu yake tu, yaani 6.5. Hiyo haifiki hata unene wa kidole. Kwa milimita hizo unalipa tairi zito zaidi, pana zaidi, na kipima mwendo kinachosoma pungufu kwa asilimia 2. Uzito wa gurudumu unauma kuliko uzito wa mzigo ndani ya gari, kwa sababu lazima uzungushwe kila unapoondoka na kuzuiwa kila unaposimama, na haibridi ya mjini inaishi kwa kuondoka na kusimama. Baki na saizi yako.

Namba 84 ni uwezo wa kubeba: kilo 500 kwa kila tairi. Usishuke chini yake. 82 ni kilo 475, 88 ni kilo 560. Herufi S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. Kwa barabara zetu inatosha, T au H hazikuongezei kitu.

Jambo moja ulijue mapema usije ukamlaumu muuzaji: ukivaa mapya, skrini itakuonyesha gari linakunywa zaidi kuliko jana. Sehemu yake ni kweli, kwani meno marefu yanapindapinda zaidi kuliko meno yaliyolika. Sehemu nyingine ni hesabu. Tairi lililolika milimita 6 limepungua kipenyo kwa 12, karibu asilimia 2, kwa hiyo lilikuwa linazunguka mara nyingi zaidi na gari likihesabu kilomita ambazo hazikuwapo. Pima kwa kujaza tangi hadi tangi, pampu ileile, matangi matatu mfululizo, na umbali uutoe kwenye ramani ya simu.

BintiGede

Shukran sana, mmenifungua macho. Yaliyotumika nimeyaacha, na 185 nimeiacha.

Sasa yamebaki mawili, yote 175/65R15. La kwanza ni 84S, lebo ya Kijapani imeandikwa AAA na c. La pili ni 88T XL, lebo AA na b. Bei hazipishani sana. Na hiyo psi 40 hamjanijibu.

Fundi_Maweni

Chukua la pili.

Lebo hiyo Wajapani walianza kuitumia 2010. Herufi kubwa ni wepesi wa kuviringika, AAA ikiwa juu, kisha AA, A, B, C. Herufi ndogo ni ushikaji kwenye lami yenye maji, kutoka a hadi d. Mpira unaoviringika kwa wepesi na kushika vizuri kwenye maji ni kazi ngumu kuupata, kwani kimoja kikipanda kingine huvutwa chini. Sasa pima mwenyewe. Tofauti ya AA na AAA ni kama asilimia 15 ya ule uzito wa kuviringika, na kila asilimia 10 huleta asilimia 1 hadi 2 ya mafuta. Tangi la Aqua ni lita 36, basi unazungumzia nusu lita hadi lita moja kwa tangi zima. Mvua za masika zikipiga kati ya Gede na Kilifi, lami ina mafuta ya malori na mbele yako tuktuk imesimama ghafla, ile b ina thamani kubwa kuliko nusu lita.

XL maana yake mwili wa tairi umeimarishwa kubeba zaidi, na kwa barabara ya Kakuyuni hilo linasaidia rimu isigonge ukingo wa shimo. Lakini uwezo wake unatoka kwenye upepo. Ukiliwekea kipimo cha stika kama lilivyo, linabeba pungufu kidogo kuliko lile la kawaida. Liongezee psi 3 juu ya stika, yote manne.

Kuhusu psi 40: ni kweli gari litaviringika vyepesi kidogo, lakini katikati ya tairi ndipo patakapobeba kila kitu na patakwisha kwanza. Kibaya zaidi kwetu huku ni mawe ya matumbawe. Yana kingo kali kama vigae vya chupa, na tairi lililojaa sana halibonyei kulipisha jiwe, linakatwa. Mkato wa ubavuni haushonwi wala haubandikwi, tairi limekwenda. Upepo ukiwa mdogo nao ubavu unabanwa kati ya jiwe na rimu, uzi wa ndani unakatika, na baada ya siku mbili unaona uvimbe kama yai. Stika na psi 2 au 3 juu yake, usivuke hapo.

Usukani_Minjila

Nyongeza ya siku ya kufunga, maana tairi zuri huharibiwa karakana.

Zima gari kabisa na taa ya READY iwe imezimika kabla halijainuliwa. Haibridi iliyo kimya huonekana imezimwa kumbe iko tayari, na injini inaweza kujiwasha yenyewe fundi akiwa chini. Jeki ikae kwenye mshono wa pembeni penye alama, kamwe isikae katikati ya sakafu, kwa sababu nyaya za rangi ya machungwa za umeme mkubwa zinapita chini ya bodi.

Hewa ya chumvi ya huku inakula rimu mahali tairi linapokalia. Mwambie fundi apasugue kwa brashi ya waya mpaka pawe laini kabla ya kuvalisha, la sivyo upepo utakuwa unatoka polepole kila wiki na utarudi kwenye mabega yaliyolika. Valvu zote nne ziwe mpya. Asugue pia uso wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, panapoegemea rimu, kwani kutu ikibaki pale gurudumu linakaa upande na usukani unatetemeka hata baada ya balansi.

Nati zikazwe kwa kupishana, kwa spana ya kipimo, Nm 103. Mashine ya upepo inakaza bila hesabu, na siku ya pancha njiani Witu spana ya gari haitazifungua. Zirudie kukaza baada ya kilomita 100.

Alainimenti ifuate siku hiyo hiyo. Aqua nyuma hairekebishwi, mbele ndiko kunakonyooshwa. Halafu baada ya mwezi pitisha kiganja juu ya meno, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja ukiwa laini na upande mwingine ukikukwaruza kama msumeno, magurudumu hayajanyooka, rudi kwa fundi mapema.

Kilomita 300 za mwanzo nenda polepole kwenye kona, mpira mpya huwa na utelezi wa kiwandani.

BintiGede

Moja la mwisho. Mkoba ukikataa, nikinunua mawili tu kwanza, nivalishe mbele yanakolika?

Fundi_Maweni

La, mapya yaende nyuma. Yale ya nyuma ya sasa, ambayo hayajalika sana, yahamie mbele. Mbele ikiteleza kwenye maji unaisikia mikononi na unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza gari linageuka kabla hujajua. Hayo ya mbele ya sasa usiyahifadhi hata kwa spea kama mabega yamefika kwenye alama ya TWI ya kuisha kwa meno, yaani yamebaki milimita 1.6. Na manne yakitimia, yawe ya aina moja yote, hasa mawili ya ekseli moja.