Giligilani dirishani haijaota, shida nini?

Wakuu habari, niko Kigoma mjini, nimepanda giligilani kwenye kopo dirishani jikoni, wiki ya pili hii kimya na maji namwagia kila siku. Shida nini?

— Vumilia mkuu, inachukua siku 7 hadi 21. Ile punje ina mbegu 2 ndani na ganda gumu, next time ibinye kidogo na chupa ipasuke, loweka usiku kucha afu fukia kama sentimita 1. Na kopo toboa chini bwana, maji yakituama mbegu inaoza!

— Huku Tabora jua la jioni linaichoma inawahi kutoa maua majani huli, weka dirisha la mashariki. Miche usihamishe, mizizi haitaki kusumbuliwa.

— Asanteni sana. Zile za pilau za dukani zinaota?

— Zinaota, ila ziwe nzima na hazijakaangwa.