"Discuss about" ni kosa, "talk about" ni sahihi: mwanafunzi nimweleze nini?

ChakiNyeupe, Uyole

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Sentensi hizi nne zimejirudia kwenye insha za darasa zima:

We discussed about the price of potatoes.
The bus arrived to Mbeya at night.
My sister is married with a driver.
We are waiting the results.

Kufuta kwa wino mwekundu si kazi. Kazi ni mtoto anapouliza "kwa nini, mwalimu?" Kuna kanuni ya kuchagua kihusishi (preposition, yaani maneno kama "to", "for", "about") baada ya kitenzi, au ni kukariri tu?

Kihesa_Juu, Iringa

Kamwene mwalimu. Kanuni moja ya kufunika vitenzi vyote hakuna, ila makosa hayo hayaji hovyo. Yanatoka kwenye Kiswahili chetu, na mtoto akionyeshwa yanakotoka anaacha haraka kuliko akipewa orodha ya ukutani.

Sisi uelekeo wa tendo mara nyingi tunauingiza ndani ya kitenzi chenyewe: lipa, lipia; andika, andikia; ngoja, ngojea. Kazi ya ile "-ia" Kiingereza huikabidhi neno la pembeni. Mtoto anayewaza "tunasubiri matokeo" haoni neno lolote katikati, basi naye anaandika "waiting the results". Kwenye "kujadiliana kuhusu bei" analiona "kuhusu", analibeba lilivyo. Na "ameolewa na dereva" ndiyo inayozaa "married with", kwa sababu "na" yetu inafanya kazi ya "and", "with" na "by" kwa pamoja. Kiingereza husema "married to a driver", au "she married a driver" bila kihusishi chochote.

Lakini Kiswahili si adui kila mahali. Kuna pahali kinasaidia kabisa, mfano "pay". Tunalipa nauli, tunalipa ada, tunalipa deni: "pay the fare", "pay the fees", "pay the debt". Tunalipia tiketi, tunalipia sare: "pay for the ticket", "pay for the uniform". Pesa yenyewe inayodaiwa haitaki "for". Kitu unachopata kwa pesa hiyo kinaitaka. Wanaoandika "pay for the school fees" waulize tu kwa Kiswahili: unalipa ada au unalipia ada?

"Search" nayo iko hivyo. "The police searched the house" ni walipekua nyumba. "Searched for the house" ni waliitafuta, hawajui iliko. Neno moja dogo, maana mbili tofauti kabisa.

Penye mtego ni "andikia". "Nimemwandikia bibi barua" ina maana mbili. Kama barua inakwenda kwa bibi, ni "I wrote a letter to my grandmother". Kama bibi hajui kuandika ukamshikia kalamu, ni "for my grandmother". Hapo hakuna kamusi itakayokuokoa, lazima ujue unasema nini.

Mafiati_Kona, Mbeya

Kihesa umemaliza upande wa chanzo. Naongeza kitu kimoja ambacho ndicho hasa kinachowavuruga watoto kwenye "discuss": nomino yake inataka kihusishi, kitenzi hakitaki. Mtoto amesikia "a discussion about prices", ambayo ni sahihi, akaihamishia kwenye kitenzi. Mwandikie ubaoni kwa jozi:

a discussion about prices / we discussed prices
emphasis on hygiene / she emphasized hygiene
a request for permission / I request permission
a lack of desks / the school lacks desks
a visit to Tukuyu / we visited Tukuyu
the answer to the question / answer the question

"I request for permission" imejaa kwenye barua za maofisini, na "emphasize on" utaisikia hata kwa wenye shahada. Ukitaka kubaki na "for", badilisha kitenzi: "I am asking for permission".

Kipimo cha haraka: geuza sentensi iwe kauli ya kutendwa. "The price was discussed" imekamilika. "The complaint was looked into" bila "into" inaharibika, kwa hiyo "into" ni mali ya kitenzi. Au uliza swali: "What are you waiting for?" Ile "for" inabaki mwishoni inamngoja mwenyewe. Kwenye "we waited for the bus at Mafiati" ukiuliza ni wapi, jibu ni "at Mafiati". "At" hiyo ni ya mahali, haihusiani na "wait". Wanafunzi wengi wanachanganya hizi mbili.

Parachichi_Njombe

"Arrive" imerukwa. Mji, mkoa au nchi: "arrive in Mbeya". Mahali unapopaona kama nukta, yaani stendi, shule, hospitali: "arrive at the bus stand". Nyumbani hakuna kitu: "arrive home". "Arrive to" ifutwe popote uikutapo. "Reach" haitaki kihusishi: "we reached Makambako at noon".

Ila ndugu zangu, msiwaambie watoto kwamba "enter" haipokei kihusishi kamwe. Mlangoni ni "enter the classroom", sawa. Mkataba ni "enter into an agreement". Na "apply" ina sura tatu: "apply for a job" ni kazi unayoitaka, "apply to a college" ni unakopeleka maombi, "apply fertilizer to the maize" ni mbolea shambani. Ndiyo maana ukimpa mtoto "apply" peke yake bila kinachofuata umempa nusu ya neno.

ChakiNyeupe, Uyole

Asanteni sana, hizo jozi zinakwenda ubaoni kesho. Mbili bado. Kwenye barua wanamalizia "I look forward to see you". Na daftarini waandike vipi ili wasisahau?

Kihesa_Juu, Iringa

"I look forward to seeing you." "To" ya hapo ni kihusishi, si ile ya "to see". Pima kwa kuweka nomino: "I look forward to your letter" inakubali, basi kitenzi kikija lazima kivae "-ing". Vivyo hivyo "succeed in passing", "insist on paying", "prevent them from leaving".

Daftarini wasiandike "depend = tegemea". Waandike "depend on somebody or something", kisha sentensi moja yao: "The harvest depends on the rain". Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi huonyesha kihusishi ndani ya maelezo ya kitenzi, mara nyingi kwa herufi nzito; wafundishe kusoma pale kabla ya maana. Vitano kwa wiki vinatosha.

ChakiNyeupe, Uyole

Na "cope up with"?

Mafiati_Kona, Mbeya

"Cope with". Hiyo "up" wameiazima kwa "keep up with" na "catch up with". Warudishe.