Naomba ushauri: kondishena yangu ya BTMS inakatika

Binti wa Mbagala: Habari zenu wakuu. Ninatengeneza kondishena ya nywele nyumbani kwa BTMS, yaani zile punje nyeupe za behentrimoniamu methosalfeti iliyochanganywa na alkoholi ya mafuta. Ninaziyeyusha, ninamimina maji ya moto na kukoroga vizuri, lakini ikishapoa maji hubaki chini na madonge hupanda juu. Ninakosea wapi? Nina haraka kidogo.

Mama Pacha: Mdogo wangu, achana na kemikali. Mimi dawa ya nywele ilininyonyoa utosi mzima, na tangu hapo natumia mafuta ya nazi tu. Tena hizo zenye salfeti ndizo mbaya zaidi.

Mchanganyaji: Mama Pacha, jina linaisingizia bure. Hiyo si sabuni wala haikaushi nywele. Ina chaji chanya, nayo hunasa kwenye unywele ulioharibika, ambao una chaji hasi, ndiyo maana chanuo hupita bila kukwama hata baada ya kusuuza. Binti, mafuta na maji vikutane vyote vikiwa karibu nyuzi 75. Halafu taja kila ulichoweka, maana naona hujamaliza.

Binti wa Mbagala: Niliongeza sles kidogo, ile malighafi ya sabuni inayotoa povu. Wateja wangu hawaamini kitu kisichotoa povu, na nilitaka chupa moja ioshe na kulainisha.

Mchanganyaji: Jibu ni hilo. Sles ina chaji hasi, kwa hiyo hushikana na BTMS humo humo ndooni. Shampuu zinazolainisha zipo, ila aghalabu hutumia silikoni au gundi ya mbegu za guar iliyopewa chaji chanya. Kihifadhi umeweka?

Binti wa Mbagala: Sikuweka, kwa kuwa lebo zimeshachapishwa na zinasema "asilia". Nadhani nikipunguza sles itatosha.

Kijana wa Temeke: Kadi za harusi zimegawiwa, bwana harusi hajapatikana!

Msema Kweli: Mimi nina shaka. Mtu wa ndoo na mwiko anaandika "behentrimoniamu" bila kukosea hata herufi? Huyu ni muuza malighafi; subirini, namba ya duka la Kariakoo inakuja.

Mama Pacha: Kumbe! Nami nilikuwa nimeanza kujiandaa kuuliza bei.

Binti wa Mbagala: Jina nimelinakili kwenye mfuko, ndugu yangu. Siuzi punje. Kuna saluni imeshanilipa nusu na itachukua mzigo Jumamosi, ndiyo maana sitaki kumwaga. Nikiongeza kihifadhi sasa, hautafaa?

Mchanganyaji: Hautafaa, kwa sababu kihifadhi huzuia ukungu na bakteria, hakiunganishi kilichokatika. Anza upya bila sles, na ikipoa weka kihifadhi kama fenoksiethanoli, isiyozidi asilimia 1. Tena kabla ya kuuzia saluni nenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019.

Binti wa Mbagala: Na lebo je?

Msema Kweli: Na namba ya duka je?