Kupunguza uzito wa picha za tovuti: GIMP, Squoosh au nilipie Photoshop?

Nundu: Wakuu, nina picha za kuweka kwenye tovuti, ni nzito mno, ukurasa unalodi mpaka mtu anakimbia. Nichukue ipi kati ya hizo tatu? Nataka nianze leo na sitaki zipoteze ubora.

Kitasa: Picha ngapi? Zinatoka kamera au simu? Kompyuta gani? Hujasema kitu mkuu.

MzeeJPEG: Photoshop ya kulipia kila mwezi kwa kazi ya kurisaizi tu? GIMP ni bure. Shusha upana mpaka pikseli 1600, toa JPEG ya ubora 80, basi. Picha ya 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12, ukikata upana nusu na urefu ukafuata, inabaki milioni 3, uzito unaanguka hapo kabla hata hujaanza kubana.

Salma_web: Squoosh. Kazi yote inafanyika ndani ya brauza, picha haiendi kwenye seva ya mtu, na unaona kabla na baada papo hapo. Toa WebP, aina mpya zaidi ya faili la picha, JPEG ni ya 1992 jamani.

Nundu: Ni kama 600 hivi, nyingi za simu.

Kitasa: 600 na ulikuwa umenyamaza! Squoosh ni moja moja, utazeekea hapo. Tumia ImageMagick, programu ya kuendesha kwa kuandika amri, amri moja inamaliza folda nzima. Ila kopi folda kwanza, amri yake ya mogrify inaandika juu ya orijino.

Dogo_Lenzi: Za simu kaa nazo macho. Kuna saiti moja ya kubana picha, siitaji, niliwapakia picha za mteja wakanirudishia zipu, nyepesi kweli, nikaweka zote, jioni mteja anapiga mbona watu wote wamelala? Picha za wima zote ziko ubavu, kumbe simu mara nyingi haizungushi picha yenyewe, inaandika tu kwenye EXIF, yale maelezo yaliyojificha ndani ya faili, kwamba izungushwe, na wale jamaa walifuta EXIF bila kuzungusha kwanza. Nikawaandikia, kimya mpaka leo.

MzeeJPEG: EXIF ifutwe tu, location ikiwa imewashwa inabeba GPS ya kwako. Kwenye ImageMagick weka -auto-orient kwanza izungushe picha, ndio ufute.

Jabali: Na msisahau 72 dpi, yaani nukta kwa inchi.

Salma_web: Aaah tena hii! Brauza haina habari na dpi, inahesabu pikseli. Hiyo ni ya kuprinti.

Jabali: Mimi naweka 72 na picha zangu ziko poa.

Salma_web: Weka hata 7, faili litakuwa na pikseli zile zile.

Dogo_Lenzi: WebP nayo mteja akidaunlodi anasema haifunguki.

Salma_web: Programu yake ya zamani hiyo. Safari yenyewe inaikubali tangu toleo la 14, 2020.

Nundu: Kwa hiyo Photoshop nisilipie?

Jabali: Lipia tu mkuu, utaitumia na mengine.

MzeeJPEG: 😂 mengine yapi? Ila hivi kuna aliyejaribu AVIF humu, ile aina nyingine ya faili la picha? Kwangu faili linatoka dogo ila kusubiri sasa...