Bosi kaniuliza kuhusu imani yangu, nimjibuje bila kumkosea heshima?

Wakuu shikamooni. Juzi mkurugenzi wetu kaniita ofisini kwake, kaniuliza "wewe hivi kwa nini huwa hutaki kusaini zile risiti za uongo", nikajikuta naangalia viatu vyangu tu, nikasema ni tabia yangu. Ukweli ni kwa sababu ya Yesu. Kaniambia tutaongea tena Jumatatu. Nisemeje?

JIBU: Pole, wengi tumekwama hapohapo. Soma Matendo ya Mitume 26 kwenye Biblia, mtume Paulo yuko mbele ya mfalme Agripa, minyororo mkononi, anaanza kwa kumheshimu kwanza halafu anasimulia yaliyomkuta mwenyewe, hahubiri kwa makelele. Festo, liwali wa Kirumi, anamkatisha eti una wazimu, Paulo anajibu "Sina wazimu, Festo mtukufu". Mtukufu! Mi hapo ningeshapaniki. Kwa hiyo na wewe msimulie yako, dakika mbili zinatosha.

JIBU: Naongezea, Feliki, liwali aliyemtangulia Festo, alikuwa anategemea hongo kwa Paulo (Matendo 24:26) na bado Paulo akamwambia habari za haki na kiasi mpaka akaogopa. Hakumbembeleza wala hakumtukana. Ila usiende na kiburi cha "mimi msafi nyie wezi", hiyo siyo injili ndugu yangu.

MUULIZAJI: Asanteni, hiyo ya kiburi imenigusa maana nilishaanza kuandaa hotuba 😅 Naifuta.

JIBU: Futa kabisa. 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu anayetuuliza kuhusu tumaini letu, ila kwa upole. Na uingie saa aliyokwambia, usichelewe.